Injini Iliyovumbikwa Kama Ndizi

Mkitaka kunipandisha hasira kabla sijamaliza chai yangu, njooni mniambie kwamba injini yenu "imehifadhiwa vizuri." Juzi kijana mmoja wa hapa Kanoni alinijia akikokota pikipiki iliyogoma. Akaniamkia vizuri, shikamoo babu, akaketi, akaeleza kwamba hajaigusa tangu masika. Ameifunika turubai, ameifunga kamba, ameilaza chumbani karibu na kitanda chake. Nikamuuliza, petroli ya zamani uliitoa? Hakuitoa. Betri uliichomoa? Hakuichomoa. Uliiwasha japo mara moja? "Hapana babu, nilikuwa naihifadhi."

Nikafumba macho kidogo, maana nilijua hapo ningesema neno ambalo mjukuu wa mtu hapaswi kulisikia.

Kwa hiyo nimeamua kuandika, nyinyi vijana msome wenyewe, mniache ninywe chai. Nimefanya kazi ya kutunza injini ya boti sehemu kubwa ya maisha yangu, na nikiulizwa ni kitu gani kinaua injini, sitataja kutu wala uzee. Nitasema ni watu wenye upendo mwingi wasiotaka kuchafua mikono.

Wengi wenu hamjui kwamba usharika wa Kilutheri wa huku ulikuwa na boti. Ilifika miaka michache baada ya vita, wakati sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Ziwa letu mnalijua, si kubwa, lakini zahanati ilikuwa upande huu na vijiji vingi viko upande ule. Kiangazi watu walizunguka kwa miguu kupitia ukingo wa bwawa la mafunjo. Mvua zikianza, njia ile ilizama, na mitumbwi ya kuchonga ilikuwa na mambo yake: upepo, na viboko wasiopenda kupishana na mtu. Mgonjwa wa ng'ambo alitegemea boti ile na Mungu, na wakati mwingine Mungu alimwachia boti.

Mimi ni Mkatoliki, lakini walinichukua kwa sababu fundi mkuu alinitaka. Fundi huyo aliitwa Bernardo. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, naye alijifunza injini kwenye vivuko huko na huko, hata mwenyewe hakukumbuka vyote. Sisi tulimwita Ta Bernardo, kama tunavyomheshimu mwanamume mzima. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kunisifu. Siku ya kwanza nilimuuliza injini inafanyaje kazi. Akanipa kipande cha waya wa mwavuli uliovunjika, akaniambia, "Kwanza jifunze inavyoziba."

Nisikilizeni hapa, maana ndipo kazi yote ilipo. Injini ile ya dizeli ilipozwa na maji ya ziwa lenyewe. Pampu inavuta maji, yanazunguka ndani ya ukuta wa silinda, yanatoka kwa bomba dogo ubavuni mwa boti. Ukiona maji yanaruka pale ubavuni, piga mluzi, endelea na safari. Usipoyaona, zima. Usijadiliane na mtu, zima. Sasa ziwa letu halina maji matupu. Lina tope laini kama uji wa ulezi, vipande vya mizizi ya mafunjo, na vikonokono ambavyo ukiviacha vinajiona vimejengewa nyumba. Boti ikisimama muda mrefu, vyote hivyo vinatua chini ya silinda. Pale chini kuna bolti moja ya kutolea maji. Mjinga huifungua, akaona hakuna kinachotoka, akafurahi kwamba injini ni kavu. Mwenye akili huingiza waya, akachokonoa, ndipo tope linashuka na maji yanafuata. Unachokonoa mpaka yatoke maji safi. Halafu unamimina oili kidogo juu ya pistoni, unazungusha hendeli kwa mkono kila baada ya siku chache, unajaza tanki dizeli mpaka shingoni ili lisitoe jasho ndani. Basi. Kazi ya mtu mmoja, asubuhi moja, kisha anakwenda kuvuna kahawa yake.

Na bomba la moshi unaliziba kwa gunzi la mahindi, kwa sababu manyigu wa huku hawaoni tundu wakaliacha. Lakini gunzi nalo lina masharti: ulitoe kabla ya kuwasha. Mwaka mmoja tulikuja kutembelewa na wageni wa usharika, kwaya imejipanga ufukweni, na mtu mmoja ambaye simtaji kwa sababu wajukuu zake wanasoma na nyinyi akajitia ujuzi, akazungusha hendeli yeye mwenyewe. Injini ilikohoa, gunzi likatoka kwa mlio uliowarudisha watu wote vitani. Kwaya nzima ililala chini. Mzee mmoja wa ng'ambo akajitosa majini na koti lake la Jumapili, akapiga mbizi, na tulipomtoa alikataa kusema neno na sisi mpaka Pasaka.

Sasa twende kwenye baridi, maana hiyo ndiyo iliyonizeesha.

Injini ilikuja pamoja na fundi Mzungu wa kutufundisha. Tulimwita Bwana Kristofa. Alikuwa mtu mzuri, mwenye mikono mikubwa, na Kiswahili alikisema polepole kama anayesoma Injili. Siku ya kuagana alikusanya kamati ya boti, yaani wazee sita na mwenyekiti wao, Mwinjilisti Yonathani. Akawaambia, "Kabla ya majira ya baridi, toeni maji yote ndani ya injini. Kwetu boti zinabaki ziwani wakati wa baridi. Maji yakibaki ndani, yanakuwa jiwe, na jiwe hilo linapasua chuma."

Ta Bernardo akayageuza kwa Kinyambo kwa ajili ya wazee. Mzee mmoja akauliza, maji yanakuwaje jiwe? Bwana Kristofa akacheka, akajikumbatia mabega akitetemeka, kuonyesha baridi kali. Kesho yake akaondoka.

Angalieni alichosema. Alisema toeni maji. Hilo ndilo lilikuwa tendo, na lilikuwa tendo sahihi hata kwetu, kwa sababu ukitoa maji unatoa na tope. Baridi ilikuwa sababu ya kwao tu. Lakini vichwani mwa kamati tendo lilianguka njiani kurudi nyumbani, sababu ikafika salama. Wakasahau kutoa maji, wakakumbuka kuogopa baridi. Nimeliona jambo hili maisha yangu yote, na nyinyi mnalo pia, msinitazame hivyo.

Nanyi mnaujua mwezi wa sita wa Karagwe. Ukungu umelala juu ya ziwa, watoto wanakwenda shule mikono imeingia ndani ya mashati. Mwinjilisti Yonathani alipoona hivyo akatangaza baada ya ibada kwamba majira yamefika, injini ilindwe. Akina mama wakatoa mablanketi. Naapa, mablanketi, wakati ule ambapo watu walilala wawili wawili kwenye shuka moja. Injini ikavikwa kama bibi harusi. Walipoifunua, panya walikuwa wamezaa ndani yake na wametafuna bomba la dizeli.

Mwaka uliofuata wakasema blanketi halitoshi, wakaweka jiko la mkaa ndani ya boti. Boti ya mbao! Ta Bernardo alilikuta likifuka, akalinyanyua kwa koti lake na kulitupa ziwani pamoja na mkaa wake. Mwinjilisti akamjia juu.

"Waitu Bernardo, ndugu yetu, hilo ni jiko la mke wangu."

"Na hii ni boti ya watu wote. Mwambie mkeo apikie nyumbani."

"Wewe humwamini Bwana Kristofa?"

"Namwamini kuliko wewe. Alisema utoe maji. Umeyatoa?"

Mwinjilisti akasema maji yatatolewa. Kwenye kamati, neno likishasemwa kwamba litafanywa, huhesabiwa limefanywa. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Aliamka kila asubuhi kwenda kuipapasa injini ile kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Angekuwa mtu mbaya ningemshinda. Mtu mwema humshindi.

Nikaamua kuwatoa hofu kwa macho yao wenyewe. Zahanati ilikuwa na friji ya mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo, na nesi wetu, Mama Adela, aliilinda kuliko mumewe. Nilimbembeleza sana. Mwisho akaniruhusu kuweka chupa moja ya soda, imejaa maji, imefungwa kifuniko, pale juu kwenye barafu. Kesho yake nikaita kamati. Chupa ilikuwa imepasuka toka shingoni hadi kitakoni, na ndani yake limesimama jiwe jeupe la maji.

Nikawaambia, "Mmeona? Ni mpaka ifike baridi ya namna hii. Ziwa letu haliwezi kufika hapa hata siku moja. Samaki wangekuwa wapi?"

Neno la kwanza walilisikia. Yaliyofuata hapana. Mzee mmoja aligusa lile jiwe akarusha mkono nyuma. "Linaunguza!" akasema. Mwinjilisti Yonathani akazishika zile pande mbili za chupa, akazitazama. "Kumbe ni kweli," akasema. "Kumbe alisema kweli tupu."

Mama Adela akanitazama akatikisa kichwa. Nilikuwa nimekwenda kuzima moto na debe la petroli.

Kiangazi kilichofuata, Ta Bernardo alishikwa na malaria, akaenda kuuguzwa kwa binti yake, kule Mabira. Mimi nilikuwa nyumbani kwenye kahawa, kwa sababu kahawa ikiiva haimsubiri mtu. Niliporudi ziwani nikakuta boti imefungwa vizuri kwenye mti, lakini mahali pa injini pako wazi. Bolti nne zimepangwa juu ya jani la mgomba, zimefutwa zikang'aa. Nikadhani tumeibiwa. Nikakimbia kwa Mwinjilisti.

"Injini iko wapi?"

"Imelala," akajibu kwa upole.

"Imelala wapi?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba. Pale palikuwa na kichuguu kipya cha udongo, kimefunikwa majani ya migomba yaliyokauka, na pembeni kitundu cheusi cha moshi. Hakuna mtoto wa Karagwe asiyejua kichuguu kama hicho. Ni shimo la kuvumbika ndizi za pombe. Unachimba, unawasha majani makavu ndani lipate joto, unatandika majani mabichi, unapanga mikungu, unafunika, unapuliza moshi, na baada ya siku kadhaa ndizi zimeiva tayari kukamuliwa rubisi.

Kwanza nilicheka. Nikamuuliza, tangu lini Mwinjilisti anatengeneza rubisi? Halafu nikamwona hacheki.

"Hakuna mahali penye joto kuliko humu," akasema. "Nje kukiwa na ukungu, humu ndizi zinatoka jasho. Baridi itaingilia wapi?"

Nasema ukweli wangu, lilikuwa shimo zuri. Kamati nzima ilikuwa ya watu waliookoka, ambao mkipita na kibuyu wanageuza uso, lakini shimo lile lilikuwa na kina sahihi, tandiko sahihi, na hata kitundu cha moshi kilikuwa upande wa upepo. Mikono ile haikujifunza hayo kwenye Biblia.

Nikachukua jembe. Akanishika mkono.

"Usifukue, Deo. Joto litatoka."

"Mwinjilisti, chuma si ndizi. Chuma kikitoka jasho kinaoza. Na maji mliyatoa?"

"Tulifungua ile bolti ya chini. Hakikutoka kitu. Ni kavu kabisa."

Nikajaribu kueleza habari ya waya. Akaita kamati. Kamati ikaketi, ikasali, ikanisikiliza kwa heshima zote, ikaamua injini ibaki hadi majira yaishe. Mimi nilikuwa mwajiriwa. Nilikwenda hata kwa mchungaji mjini, nikaambiwa mambo ya boti yako chini ya kamati. Nilirudi kwa miguu nikizungumza peke yangu, watu wakanipisha njia.

Mwaka ule mvua za vuli hazikusubiri zamu yao. Zilianza mapema, na upepo, na ile njia ya bwawani ikazama karibu mara moja. Siku hiyo hiyo ya kuzama kwake alifika mtu wa ng'ambo, amelowa hadi shingoni, ndiye wa mwisho kupita. Akasema kuna surua kule. Watoto wa nyumba kadhaa wamelala. Akanigeukia mimi akasema, "Na kwa dada yako."

Dada yangu Koletha ameolewa ng'ambo. Mtoto wake wa mwisho, Gaudensia, alikuwa ameanza kutembea kwa kushika kuta. Safari ya chanjo ambayo ingemfikia ilikuwa ya kiangazi kile, na kiangazi kile boti ilikuwa imelala, na chanjo haivumilii joto la safari ya miguu. Yule mtu akasema vipele vimeanza kukauka lakini kifua kimembana, anahema kama mwenye mzigo.

Mama Adela akafungasha dawa za kifua, sindano na chanjo kwa wale ambao hawajaugua. Wavuvi wawili walijaribu mtumbwi. Mawimbi yakawarudisha wakiwa wanachota maji kwa kofia. Akauliza, boti je? Mwinjilisti akainua uso, na niliona kwamba alikuwa na furaha, furaha ya mtu ambaye siku yake imefika.

"Boti iko tayari," akasema. "Injini ni nzima kabisa. Imelala pakavu na penye joto."

Tukafukua. Nitawaambia tulichokikuta, na nyinyi mnaofunika pikipiki kwa turubai msikilize vizuri. Majani yalikuwa yameoza yakashikamana na chuma. Bomba la kuvutia hewa lilikuwa limejaa udongo na moshi. Ringi za pistoni zilikuwa zimekamatana na silinda kwa kutu, hendeli haisogei hata kidogo. Na pale chini, tope lile ambalo hawakulitoa lilikuwa limepikwa na joto lao likawa tofali. Baridi ya Bwana Kristofa haikufika Karagwe, lakini jiwe la kupasua chuma tulilipata. Walilitengeneza wenyewe.

Ta Bernardo alikuwa amerudi siku zile, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Aliitazama injini, akamtazama Mwinjilisti, akavua shati. Tukamimina mafuta ya taa juu ya pistoni, tukasubiri, tukagonga kwa kipande cha mti, tukasubiri tena. Mwinjilisti na wazee wake walibeba kila tulichowaambia wabebe. Ringi ziliachia alasiri. Tukaifunga kwenye boti, tukasafisha nozeli ya kupulizia dizeli, tukazungusha hendeli mpaka mabega yakafa ganzi, na jua likiwa limeinama ikawaka.

Watu walipiga vigelegele. Mama Adela alikuwa ameshaketi ndani ya boti, mkoba mapajani. Mwinjilisti akapiga magoti kwenye tope. Ta Bernardo alikuwa ameinama ubavuni, anatazama lile bomba dogo. Halikutoa hata tone. Akazima.

"Umefanya nini?" Mwinjilisti akaruka. "Imewaka!"

"Haipozwi."

"Kuna mtoto anakufa, Bernardo!"

"Najua. Hii nayo ikifa katikati ya ziwa, watakufa na hawa watakaopanda."

Wakamfokea wote. Na mimi nikamfokea, maana mtoto alikuwa wa dada yangu. Akanishika ukosi, yule mzee aliyetoka kuumwa, akaniambia karibu na uso, "Upepo huu, viboko wale, injini imekwama. Utamtupia mtoto sindano kutoka katikati ya maji?" Akaniwekea waya mkononi. Nikainama nikaanza kuchokonoa.

Tofali halichokonoleki kama tope. Lilitoka kwa punje. Giza likatukuta tukiwa nusu, na bila mwanga hatukuweza. Waya ulikuwa unakwenda kombo, na ndani mle ukitoboa mahali pasipo pake umemaliza kila kitu. Alfajiri tukaendelea. Jua lilipotoka kipande cha mwisho kikatoka na maji yakafuata, kwanza mekundu, halafu ya kijivu, halafu safi.

Tukavuka. Upepo ulikuwa umetulia. Injini ilikwenda vizuri, inaunguruma kwa raha, maji yanaruka ubavuni. Ilinikera ilivyokwenda vizuri. Nilitamani ikohoe, isumbue, ili nione kwamba kweli kulikuwa na jambo kubwa la kutuchelewesha.

Ufukweni kwa ng'ambo nikawaona wanawake wamejifunga khanga viunoni, wamesimama bila kupunga. Nikajua. Gaudensia alikuwa amekata roho alfajiri ile, tulipokuwa tunachokonoa.

Mama Adela hakuketi hata kunywa maji. Alikwenda nyumba kwa nyumba na mkoba wake, na wale watoto wengine wenye vifua aliwawahi wote. Baadhi yao leo ni wazazi wenu. Mwinjilisti Yonathani alishika jembe pamoja na wanaume wa pale kuchimba kaburi, akachimba bila kupokezana, mpaka wakamnyang'anya jembe. Maneno niliyokuwa nimempangia njia nzima niliyaacha, nikalipokea lile jembe nikamalizia. Kiangazi kilichofuata alikuja mwenyewe mlangoni kwangu asubuhi, akaniomba nimwonyeshe lile tundu la chini na jinsi ya kushika waya.

Lakini ninachotaka mkichukue si hicho. Baada ya mazishi, wageni walipopungua, Koletha aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika kikapu cha matoke ya kumenya, hamenyi. Akaniuliza, "Kaka, ile injini ilikuwa na ugonjwa gani?"

Ningemwambia nini? Kwamba iliogopewa baridi? Kwamba ilivumbikwa shimoni? Nikamwambia, "Ilikuwa imeziba."

"Imeziba nini?"

"Tope."

"Tope tu?"

"Tope tu."

Halafu Koletha akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza jambo ambalo kwa kweli halielewi, "Basi si mngelitoa."

Hakuwa na hasira hata chembe. Akachukua kisu akaanza kumenya matoke ya wageni. Hasira yake yote niliibeba mimi, na hiyo ndiyo mnayoicheka mkinisikia nafoka.